Kurudisha koli kutoka Kabondo-Dianda: njia ipi inakula kidogo?

Kitu kilichonunuliwa kwa simu kina bei mbili. Moja muuzaji anaiandika chini ya picha. Nyingine haiandikwi popote: ni makuta yatakayokutoka siku utakapokifungua, ukakitazama, ukasema hiki sikitaki. Kwa mkazi wa Brussels au Nairobi bei hiyo ya pili ni ndogo, pengine haipo kabisa. Kwa mkazi wa Kabondo-Dianda inaweza kuipita ile ya kwanza, na ndiyo maana watu wengi hapa hawarudishi kitu. Kinabaki chini ya kitanda, au viatu vinavyombana baba anapewa mtoto ambaye vitamtosha baada ya miaka miwili.

Vitu vya kuagiza vinatufikia kwa njia tatu, na kila njia ina hesabu yake ya kurudisha. Ya kwanza ndiyo ya watu wengi: duka la Lubumbashi linaloonyesha mali yake kwenye WhatsApp au Facebook. Unalipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, koli inapanda lori au treni ya SNCC, inashuka kwetu kati ya Bukama na Kamina. Ya pili ni kuagiza China kupitia wakala anayekusanya mizigo ya watu wengi, kwenye ghala la Guangzhou kwa mfano, anaipakia pamoja, na mzigo unazunguka kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa barabara kupitia Zambia hadi Kasumbalesa. Ya tatu ni ndugu aliye Ulaya, ambaye ananunua kwa jina lake na kumpa msafiri.

Watu husoma kwenye intaneti kwamba mnunuzi ana haki ya kurudisha "ndani ya siku 14 bila kueleza sababu", wakaja juu kwa muuzaji wa Lubumbashi wakidai siku zao 14. Sheria hiyo ipo kweli, lakini ni ya Umoja wa Ulaya, na imekuwa ikitumika tangu 13 Juni 2014. Inamtaka muuzaji arudishe bei pamoja na gharama ya kawaida ya kumpelekea mnunuzi kitu. Nauli ya kurudishia huwa juu ya mnunuzi, isipokuwa muuzaji amekubali kuibeba au hakumwambia mapema kwamba ni yake. China nayo ina siku 7 kwa vitu vilivyonunuliwa kwa mtandao, tangu Machi 2014, na huko pia mnunuzi kwa kawaida ndiye hulipa nauli ya kurudishia.

Siku hizo huhesabiwa tangu kitu kipokewe. Mzigo wako ukipokewa na wakala Guangzhou, saa imeanza kwenda Guangzhou. Ukipokewa na shangazi Brussels, imeanza Brussels. Koli inapofika stesheni yetu, siku 7 za China zilikwisha kitambo, bahari ikiwa haijavukwa hata nusu. Kwa hiyo mnunuzi wa hapa anayetegemea sheria ya mbali anapaswa kukataa kitu akiwa hajakigusa, kwa macho ya mtu mwingine.

Hilo linawezekana, tena kwa gharama ndogo kuliko kurudisha koli kwa njia yoyote nitakayoitaja. Mwambie wakala, kabla hujamlipa, kwamba unataka picha za mzigo siku ile ile unapoingia ghalani: picha ya alama ya saizi, ya namba ya modeli, ya plagi, ya kitu kikiwa kimewashwa kama kinawashwa. Wapo wanaofanya bure, wapo wanaodai kitu kidogo. Lipa. Rangi ikiwa si yenyewe, wakala anakirudisha kwa muuzaji kwa nauli ya ndani ya China, ambayo ni ndogo, na wewe hujatoa hata falanka ya meli. Wakala anayekataa kabisa kupiga picha anakuambia jambo kuhusu kazi yake, na ni afadhali ulisikie mapema. Shangazi wa Brussels vilevile: asifunge sanduku mpaka amekutumia picha, na karatasi ya duka asiitupe.

Sasa tuseme hukukataa mapema, koli iko mbele yako na imetoka ng'ambo. Kuna posta na kuna kampuni za haraka.

Kongo iko katika Umoja wa Posta Duniani tangu 1886, enzi za Léopold II, na leo kazi ya posta ni ya SCPT. Kwa kanuni, mtu anaweza kutuma kifurushi kutoka nchi hii kwenda nchi yoyote mwanachama. Wengi hujiuliza: kama kifuko kidogo kimetoka China kwa nauli ya dola mbili, au bure, mbona kukirudisha ni ghali hivi? Jibu liko katika malipo ya posta kwa posta. Posta inayotuma huilipa posta inayopokea ili igawe mzigo, na kwa miaka mingi viwango vya vifurushi vyepesi viliwapendelea watumaji wa nchi kama China. Marekani ilichoka, mwaka 2018 ikatangaza kwamba itajitoa katika Umoja huo, na mkutano wa dharura wa Geneva wa Septemba 2019 ndio uliotuliza mambo kwa kuruhusu nchi zinazopokea mizigo mingi zijipangie viwango vyao. Nauli ya kuja, basi, haikuambii lolote juu ya nauli ya kurudi. Muuzaji wa China anatuma maelfu ya vifuko kwa siku na ana bei ya jumla. Wewe una kimoja.

Ukiamua posta, dai namba ya kufuatilia. Namba za kimataifa zina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi iliyotuma: iliyotoka China huishia CN, ya kwetu huishia CD. Muuzaji wa ng'ambo hatakurudishia fedha kabla hajaona mwendo wa namba hiyo, na muda wake wa kungoja una mwisho. Hapo ndipo njia ya posta inapowaangusha watu wa mbali: koli inaweza kufika, lakini ikifika mjadala umefungwa. Mimi singeitumia kwa kitu chochote chenye tarehe ya mwisho.

Kampuni za haraka kama DHL zinafika kwa wakati, lakini bei zake ni za makumi ya dola hata kwa koli ndogo, na kwa mwendo wa Asia haishangazi kupita mia. Juu ya hayo wana kipimo ambacho mteja mpya hakitegemei. Hawatazami mizani peke yake. Wanapima boksi urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5,000, na kama namba hiyo inazidi kilo za mizani, unalipa hiyo. Boksi la viatu la sentimita 33 kwa 22 kwa 13 linatoa karibu kilo 1.9, hata kama viatu vyenyewe havifiki kilo moja. Ukivitoa kwenye boksi ukavifunga kwenye mfuko mgumu unapunguza kilo za kulipia karibu nusu, ila wauzaji wengi wanataka boksi lao la asili. Na bado hujafika Lubumbashi kuikabidhi.

Kuna vitu ambavyo havirudi kwa ndege hata ukiwa na fedha. Pawabanki na betri za lithiamu zilizofungwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria tangu Aprili 2016, na betri iliyovimba au yenye hitilafu haipandi ndege kabisa. Ambaye pawabanki yake imekufa baada ya siku tatu asipoteze muda kutafuta njia ya kuituma. Apige video ikiwa imekataa kuchaji, adai fedha bila kurudisha kitu. Majukwaa makubwa ya mauzo huwa yanakubali hivyo kwa vitu vya bei ndogo, kwa sababu nayo yanajua nauli ya kurudi inazidi mali yenyewe.

Ushuru nao husahaulika. Forodha yetu, DGDA, hutoza asilimia 5, 10 au 20 kwa bidhaa nyingi, na juu yake kuna TVA ya asilimia 16 tangu 2012. Mawakala wengi hupiga bei moja kwa kilo, ushuru ukiwa ndani, kwa hiyo huuoni. Siku unaporudisha kitu, muuzaji anarudisha bei yake tu. Fedha ya forodha na ya wakala imekwenda, na kuidai ni kazi ya karatasi isiyofaa kwa jozi ya viatu. Kwa koli ya China iliyokwisha kufika hapa, mimi naona kurudisha kwa posta au kwa kampuni ya haraka kuna maana kwa kifaa cha mamia ya dola tu, tena kama muuzaji amekubali kwa maandishi kubeba nauli.

Turudi Lubumbashi, maana huko ndiko yanakotoka mengi na huko ndiko mtu anaweza kushinda.

Chukua viatu vya dola 20. Namba nitakazotumia ni za mfano; weka za ajansi yako ya magari. Umelipa dola 3 za kuvileta, na hizo zimekwenda hata ufanye nini. Ukivirudisha utatoa dola 3 nyingine za gari, dola 1 ya pikipiki mpaka ajansi, na nusu dola hivi ya kutoa fedha kwenye kabine zitakaporudi. Mkononi zinabaki 15.50, baada ya wiki mbili au tatu, kama muuzaji ni mwaminifu na kama mvua haijakata barabara. Upande wa pili, jirani anakupa dola 14 leo, mguuni kwake vinatosha. Dola moja na nusu ndiyo malipo ya kungoja, ya kupiga simu kila siku na ya hatari ya koli kupotea. Mimi nauza.

Sasa weka simu ya dola 120. Gharama ya kuirudisha haiongezeki sana, kwa sababu simu ni ndogo kuliko viatu: tuseme dola 4 za njia na 2 za kutoa fedha. Zinabaki 114. Hapa mtaani hakuna atakayeinunua kwa zaidi ya 80, kwa kuwa kila mtu anajiuliza kwa nini unaiuza ikiwa mpya. Hapo rudisha, hata kama itachukua mwezi.

Nauli hufuata ukubwa wa koli kuliko bei ya kitu, na hasara ya kuuza hufuata bei. Kwa hiyo kitu kidogo cha bei kubwa kirudishwe, kitu kikubwa cha bei ndogo kiuzwe. Ndoo, godoro, viti vya plastiki, vyungu: usivirudishe hata siku moja. Paneli ya sola iko katikati na inasumbua, kwa sababu ni kubwa, ni ghali, tena ni kioo. Ikifika imepasuka, usiiondoe ajansi. Ifungue pale pale mbele ya mtu wa ajansi, mwandikishe kwenye bordero, karatasi ya mzigo, kwamba imepasuka, apige sahihi. Ukishaibeba mpaka nyumbani, umeivunja wewe.

Treni au lori? Treni hubeba kizito kwa bei nafuu, na inafaa kwa mzigo wa jumla, lakini siku yake haijulikani, na mwenye duka anayengoja kitu chake hawezi kupanga. Lori lina haraka wakati wa kiangazi; kuanzia Oktoba mpaka Aprili, matope yanaamua. Njia ya tatu ni mtu anayesafiri, na kwa simu au vito ndiyo nzuri kuliko zote, ila apewe orodha na picha, hata kama ni mtoto wa dada yako. Hasa kama ni mtoto wa dada yako. Ugomvi wa simu iliyopotea njiani kati ya ndugu hauna bordero.

Kabla ya kufunga koli, andika ujumbe. Wauzaji wengi si wabaya. Wanachochukia ni mteja anayeanza na matusi na kumaliza bila kusema anataka nini. Ujumbe unaofanya kazi unafanana na huu:

"Yaya, jambo, habari ya kazi. Koli imenifikia leo. Niliomba 42, imekuja 40, picha ya alama ya ndani hii hapa. Sijavivaa, boksi liko. Chagua, Yaya: unitumie 42 kwa gari linalokuja na hivi nivirudishe kwa dereva huyo huyo, ama unirudishie dola 6 nibaki navyo. Naomba jibu mbele ya jioni."

Tazama hilo chaguo la pili. Kubaki na kitu ukarudishiwa sehemu ya bei ndiyo njia inayokula kidogo kwa pande zote mbili, na watu hawaiombi kwa sababu hawajui kwamba inaombwa. Muuzaji akipokea viatu vyake atalipa mtu wa kuvipokea, atavifuta, ataviuza kwa bei ya chini. Dola 6 kwake ni nafuu. Wewe ukiviuza kwa 14, na 6 juu yake, umefika 20 bila koli kusafiri hata kilometa moja.

Tena njia hiyo ina mizizi katika sheria yetu wenyewe. Dekreti ya 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ambayo bado ndiyo sehemu ya kanuni ya kiraia ya Kongo, inambebesha muuzaji kasoro zilizofichika za kitu alichouza. Mnunuzi anapewa hiari: akirudishe apewe bei yake yote, au abaki nacho arudishiwe sehemu. Muuzaji aliyeijua kasoro akanyamaza anaweza kudaiwa na fidia. Lakini ni lazima mnunuzi achukue hatua upesi, na kasoro ambayo angeweza kuiona mwenyewe haimo. Kubadili nia hakumo kabisa: dekreti hiyo hiyo, kifungu cha 33, inasema makubaliano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa walioyafanya. Biashara ya mtandaoni yenyewe imeingia katika Kanuni ya Dijitali ya 13 Machi 2023. Hayo yote ni vizuri kuyataja katika ujumbe wa pili, yule muuzaji akinyamaza. Kwenda mbele ya hakimu kwa dola 20 ni kutupa nyingine 50.

Nairobi mnunuzi wa Jumia, duka la mtandaoni, anaenda kituo alichochukulia koli yake, anairudisha hapo hapo, kampuni inajua itakavyofika ghalani. Mfumo wa namna hiyo ni ghali kuuendesha: kampuni hiyo hiyo ilifunga kazi zake Tanzania Novemba 2019. Hapa kwetu ajansi ya magari ndiyo kituo, na dereva ndiye mfumo. Kwa hiyo mpango wa kurudisha inafaa uandikwe kwenye WhatsApp kabla makuta hayajatoka: nauli ya kurudi ni ya nani kama kosa ni la muuzaji, ni ya nani kama ni langu, na ni siku ngapi. Sentensi tatu. Muuzaji akizikubali, hifadhi picha ya mazungumzo. Akikubali upokee kwanza ajansi ndipo umalizie malipo, hata kama bei inapanda kidogo, chukua hiyo. Nusu ya fedha iliyobaki mkononi mwako ina nguvu kuliko kifungu chochote cha 1888.

Viatu vinastahili neno lake, maana ndivyo vinavyorudi zaidi. Namba ya Ulaya, 40 au 42, hupima kalibu ya kiatu, na kila namba ni theluthi mbili za sentimita. 42 ni sentimita 28 za kalibu, mguu wenyewe ukiwa mfupi kidogo. Alama nyingi za China huandika mguu kwa milimita, 255, 260, 265. Simama juu ya karatasi jioni, mguu ukiwa umechoka, chora, pima kutoka kisigino hadi kidole kirefu, mpe muuzaji hizo milimita. Atajua la kufanya, na akikosea kosa ni lake.

Nguo za ndani, mafuta ya ngozi yaliyofunguliwa na vipuli vya kuvaa masikioni havirudishwi karibu popote, kwa hiyo vipime kwa bei ya kupoteza.

Fedha ikirudi, irudi kwa sarafu uliyolipia. Ulilipa dola, usikubali falanka za "kurs ya leo" ambayo muuzaji ameichagua mwenyewe. M-Pesa ya Kongo ina akaunti ya dola na ya falanka, kwa hiyo kisingizio hakuna. Na kama hutazihitaji mara moja, ziache humo ulipie ununuzi unaofuata, usilipe gharama ya kuzitoa. Ukizitoa noti, zitazame moja moja ukiwa bado dirishani pa kabine. Dola yenye mpasuko wa unene wa ukucha itakataliwa sokoni, na mtu wa kabine akishakuona umepiga hatua tatu atasema hakukupa hiyo.